Mungu Yupo? Hoja Zinathibitisha Nini, na Zinaishia Wapi

Mjadala wa kama Mungu yupo haukauki kwenye magrupu ya WhatsApp, na karibu kila mara unaishia kwenye maswali mawili yale yale. Mmoja anauliza: "Simu yako ina aliyeitengeneza, itakuwaje dunia nzima ikose muumba?" Mwingine anamrudishia: "Sawa, na huyo muumba kaumbwa na nani?" Baada ya hapo ni aya za vitabu na matusi, mtu mmoja anajitoa kwenye grupu, mada inakufa. Kinachonisikitisha ni kwamba maswali yote mawili ni ya kale mno. Yamejibiwa, yakapingwa, yakajibiwa tena kwa zaidi ya miaka elfu moja, na wengi walioyashughulikia walikuwa mashehe na mapadri waliotumia umri wao wote kwenye kazi hiyo. Sisi tunabishana kana kwamba tumeyaokota jana.

Mkanganyiko huu hauishii kwenye simu. Mwaka 2016 chama cha wakana Mungu nchini Kenya kiliandikishwa rasmi, na mwaka huo huo usajili wake ukasimamishwa, suala likafika mahakamani. Wengi waliochangia mjadala ule walichanganya mambo matatu: kama Mungu yupo, kama uwepo wake unaweza kuthibitishwa kwa akili, na kama raia anaruhusiwa kusema hayupo. La tatu ni la katiba na sheria, siligusi hapa. Nataka tushike mawili ya kwanza.

Tuanze na maneno yenyewe. Hoja, kwa mwanafalsafa, ni kauli mbili tatu zilizopangwa hivi kwamba ukizikubali zote huwezi kukataa hitimisho bila kujipinga. Anayetaka kuivunja ana njia mbili: aonyeshe kwamba kauli mojawapo si kweli, au aonyeshe kwamba hitimisho halitokani nazo. Kumwambia mwenye hoja kwamba hajasoma, au kwamba ataungua motoni, hakugusi lolote kati ya hayo mawili. Tena ukishavunja hoja, umevunja hoja hiyo tu. Kitu kinaweza kuwa kweli hata kama aliyekitetea alikitetea vibaya.

Mungu anayezungumziwa katika hoja hizi ni yule wa Waislamu, Wakristo na Wayahudi: mmoja, muweza wa yote, mjuzi wa yote, mwema kabisa, aliyeumba kila kisichokuwa yeye. Majini, mizimu na malaika hawamo. Mkana Mungu ni anayesema huyo hayupo. Kuna pia anayesema hatujui, pengine hatuwezi kujua. Huyu watu humhesabu pamoja na mkana Mungu, wakati anachodai ni kidogo zaidi.

Na nani anapaswa kuleta ushahidi? Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1952 kwamba akidai kuna birika la chai linalozunguka jua kati ya Dunia na Mars, dogo kiasi cha kutoonekana kwa darubini yoyote, hakuna atakayeweza kumkanusha, lakini hiyo si sababu ya kumwamini. Hapo alikuwa na haki. Asiyeamini kwa kuwa hajaona ushahidi hana deni. Ila anayesimama na kutamka "imethibitika kwamba Mungu hayupo" ametoka kwenye kivuli cha birika la Russell. Sasa naye ana dai lake, na dai hilo lina mzigo wake.

Swali la nani kamuumba Mungu

Hoja inayotajwa zaidi ni ya sababu. Wengi wanaifahamu hivi: kila kitu kina sababu, dunia ni kitu, basi dunia ina sababu, na hiyo ndiyo Mungu. Ikisemwa namna hiyo, swali la "na Mungu je?" linaiua pale pale. Kama kila kitu kina sababu, Mungu naye hasalimiki. Shida ni kwamba Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, hakuisema hivyo, Imamu Ghazali hakuisema hivyo, wala Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki. Tunaipiga mawe hoja ambayo wenyewe hawakuileta.

Walicholeta ni hoja mbili tofauti, na ni muhimu zisichanganywe.

Ya kwanza ni ya wanatauhidi wa Kiislamu, yaani wanazuoni wa elimu ya kumjua Mungu. Mwanafalsafa Al-Kindi aliitumia Baghdad katika karne ya 9, na Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akaipa nguvu zaidi. Inasema: kila kilichoanza kuwapo kina sababu ya kuanza kwake, ulimwengu ulianza, basi ulimwengu una sababu. Angalia neno "kilichoanza". Mungu, kwa wenye hoja hii, hakuanza, kwa hiyo kanuni haimhusu, na swali la nani kamuumba halina pa kushika. Kazi yote sasa inahamia kwenye kauli ya pili: tunajuaje kwamba ulimwengu ulianza? Jibu lao ni kwamba siku zisizo na mwanzo haziwezi kumalizika. Ingekuwa kabla ya leo zimetangulia siku zisizo na idadi, leo isingefika kamwe.

Waliopinga kauli hiyo hawakuwa wakana Mungu. Ibn Rushd wa Kordoba alimjibu Ghazali kwa kitabu kizima, yeye akiona hakuna kinachouzuia ulimwengu kuwa wa milele na bado ukamtegemea Mungu. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi. Aliamini kabisa kwamba ulimwengu ulianza, lakini akasema hilo tunalijua kwa imani, akili peke yake haiwezi kulithibitisha. Huyu ndiye mwalimu mkuu wa Kanisa Katoliki, na ndiye aliyewaonya Wakristo wasije wakachekwa kwa kutetea jambo la imani kwa hoja dhaifu.

Siku hizi watu hukimbilia Mlipuko Mkuu (Big Bang): sayansi imeonyesha ulimwengu una mwanzo, takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita, mjadala umekwisha. Haujakwisha. Mmoja wa waasisi wa wazo hilo alikuwa padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, aliyeandika kuhusu kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927 na kuhusu chanzo chake mwaka 1931. Papa Pius wa 12 alipotoa hotuba mwaka 1951 akiona katika fizikia hiyo dalili ya uumbaji, Lemaître hakufurahi. Hakutaka nadharia ya kisayansi, ambayo kesho inaweza kurekebishwa, ibebeshwe uzito wa imani. Alikuwa sahihi kuwa na wasiwasi. Nadharia inaeleza jinsi ulimwengu ulivyotanuka kutoka hali ya joto kali na msongamano mkubwa. Kama hapo ndipo palipokuwa mwanzo wa kila kitu, wanafizikia bado wanajadiliana.

Hoja ya pili ni ya Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na mimi naona ndiyo nzito kuliko zote za upande wa kutetea. Haijali kama ulimwengu ulianza au la. Yeye anagawa vitu kwa akili: kipo ambacho ni muhali kuwapo, yaani hakiwezekani kabisa, kama duara lenye pembe nne, kipo ambacho ni yamkini, yaani kinaweza kuwapo na kinaweza kutokuwapo, kama wewe na mimi na Mlima Kilimanjaro, na kipo, kama kipo, ambacho ni wajibu kuwapo, hakiwezi kutokuwapo. Kitu yamkini hakijitoshelezi. Kikiwapo, lazima kuna kilichokifanya kiwepo.

Chukua mkopo wa benki unaotaka mdhamini. Wewe huna mali, unamtaja Juma. Juma naye hana kitu ila ana mdhamini wake, Asha. Asha anamtegemea mwingine, na huyo mwingine. Orodha inaweza kuwa ya watu kumi au milioni, inaweza hata isiwe na mwisho, lakini ofisa wa mikopo hatatoa shilingi, kwa sababu hakuna hata mmoja humo mwenye mali yake mwenyewe. Urefu wa orodha hausaidii chochote. Pesa zikitoka, ujue mahali fulani yupo aliyedhamini kwa mali yake bila kumtegemea mtu. Na ulimwengu upo, yaani pesa zimekwisha kutoka. Huyo mdhamini wa mwisho ndiye Ibn Sina anamwita aliye wajibu kuwapo, na kuuliza nani kamdhamini yeye ni kutoelewa alichosema.

Aliyepita chuo cha Kurani Lamu, Mombasa au Unguja ameikariri hoja hii bila kuambiwa jina la mwenyewe. Zile sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, zinazoanza na Wujud (kuwapo), Qidam (kutokuwa na mwanzo) na Baqa (kutokuwa na mwisho), zinafundishwa kwa mpangilio wa Imamu Sanusi wa Tlemcen, Aljeria, aliyefariki mwaka 1490, naye anaanza kwa kugawa hukumu za akili katika wajibu, muhali na jaizi, yaani yale yale yamkini. Sifa ya tano, kusimama kwa nafsi yake, ndiyo hasa yule mdhamini asiyemtegemea mwingine. Katika mkondo huo wa Ash'ari, mmoja wa mikondo mikuu ya itikadi ya Kisunni, maulamaa walijadili hata kama imani ya mtu inatosha ikiwa anafuata tu wazazi wake bila kujua dalili yoyote. Kwa hiyo anayesema "imani haitaki hoja" anasema jambo ambalo wengi wa walimu wake mwenyewe wasingelikubali. Na upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulitamka mwaka 1870 kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa akili ya kawaida, kutokana na viumbe.

Basi hoja hii inapingwa wapi? Mahali pawili. David Hume, Mskoti wa karne ya 18, aliuliza kwa nini huyo asiyetegemea kingine asiwe ulimwengu wenyewe. Kila kilichomo ndani yake ni yamkini, sawa, lakini hilo halilazimishi mkusanyiko mzima uwe yamkini. Russell akalishika wazo la namna hiyo katika mdahalo wa redio ya BBC mwaka 1948 dhidi ya padri Mjesuiti Frederick Copleston. Copleston alitaka maelezo ya kwa nini ulimwengu upo badala ya kutokuwapo. Russell akajibu kwamba ulimwengu upo tu, basi. Copleston hakuweza kumlazimisha aulize zaidi, na Russell hakuweza kumwonyesha kwamba swali ni la kipuuzi. Hapo ndipo wanafalsafa wamesimama mpaka leo: je, kila kilichopo lazima kiwe na maelezo, au maelezo yanafika mahali yanakoma? Anayepinga kwa swali hili ameigusa hoja. Anayeuliza nani kamuumba Mungu hajaigusa.

Mahali pa pili: tuseme hoja imefaulu. Imetupa kilicho wajibu kuwapo. Haijasema kinasikia dua, kinawapenda watu, au kimetuma mtume. Ibn Sina na Thoma walilijua hilo vizuri, ndiyo maana wote wawili wanaendelea kuandika sana baada ya hapo wakijaribu kutoka kwenye uwepo wa lazima kwenda kwenye umoja, elimu na uwezo. Wahubiri wengi wanaruka hatua hizo zote kwa sentensi moja.

Simu na fundi wake

Hoja ya simu ina babu yake. William Paley, kasisi wa Uingereza, aliandika mwaka 1802 kwamba ukikuta saa imeanguka porini utajua ina mtengenezaji, na jicho la binadamu ni tata kuliko saa yoyote. Cha kushangaza ni kwamba majibu yalikuwa yamekwisha chapishwa. Maandishi ya Hume juu ya jambo hili yalitoka mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake. Anasema tunajua saa ina fundi kwa kuwa tumewaona mafundi wa saa. Ulimwengu ni mmoja tu, na hakuna aliyewahi kuona mwingine ukitengenezwa. Tena tukimpima fundi kwa kazi yake, kazi hii yenye kasoro nyingi itatuambia nini kuhusu fundi? Na kwa nini awe mmoja?

Mwaka 1859 Charles Darwin akaleta kilichokosekana kwa Hume, maelezo mbadala: viumbe hutofautiana kidogo kidogo, wanaofaa mazingira yao huzaa zaidi, na kwa muda mrefu sana utata unajengeka bila fundi kuushika kila kiungo. Hapo Paley alipigwa vibaya. Lakini tuwe makini na kilichotokea. Mageuko ya viumbe yanaondoa haja ya kumtaja Mungu ili kueleza jicho. Hayasemi lolote kuhusu kwa nini kuna ulimwengu wenye sheria zinazoruhusu mageuko. Papa Yohane Paulo wa 2 alisema mwaka 1996 kwamba nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tupu, na hakuacha kuwa Papa. Anayesema Darwin alithibitisha kwamba Mungu hayupo amemsomea Darwin kitu ambacho hakukiandika, na anayesema ukikubali mageuko umeritadi anaongezea dini sharti.

Watetezi waliobaki wamehamia kwenye sheria zenyewe. Nguvu ya uvutano na nguvu nyingine za maumbile zina vipimo fulani, na kwa hesabu za wanafizikia, baadhi ya vipimo hivyo vingebadilika kidogo tu, nyota na kemia tunayoijua visingekuwapo. Mwaka 1953 mwanafizikia Fred Hoyle, ambaye hakuwa mtu wa dini, alitabiri kwamba kiini cha kaboni lazima kina hali fulani maalumu ya nishati, la sivyo kaboni isingetengenezwa kwa wingi ndani ya nyota na sisi tusingekuwapo. Maabara ikapima, ikaikuta. Hoja hii ina mvuto kuliko ya jicho. Wapinzani wanajibu kwamba huenda yapo malimwengu mengi yenye vipimo tofauti na sisi tumo katika lile linalofaa, maana kwingine kusingekuwa na wa kuuliza. Wengine wanasema hatuwezi kuita kitu "kigumu kutokea" ikiwa hatujui vipimo vingeweza kuwa vipi. Naiona hoja hii inafungua mlango, lakini anayesema imemaliza kazi anaharakisha.

Zaburi ya 14 na mtawa aliyemtetea mpumbavu

"Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Aya hii hurushwa kwa wakana Mungu kama jiwe. Anselm, mtawa aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliichukua kwenye miaka ya 1077 na 1078 akaifanyia kazi nyingine kabisa. Hata huyo mpumbavu, alisema, anaelewa maana ya Mungu: kile ambacho hakiwezi kufikirika kikubwa kuliko hicho. Sasa kama kingekuwa katika mawazo tu, tungeweza kufikiria kikubwa zaidi, yaani hicho hicho kikiwapo kweli. Basi lazima kipo.

Msomaji anahisi kaibiwa mahali, ila hajui wapi. Mtawa mwenzake, Gaunilo, alihisi hivyo hivyo akaandika utetezi kwa niaba ya mpumbavu: kwa njia hiyo naweza kuthibitisha kisiwa kizuri kuliko vyote kinachofikirika, na hakuna kisiwa hicho. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, mwaka 1781 ndiye aliyeonyesha mahali pa wizi, angalau kwa maoni ya wengi: kuwapo si sifa ya kuongeza kwenye orodha ya sifa. Pesa mia za mawazoni na pesa mia za mfukoni hazitofautiani idadi. Hoja ya Anselm imefufuliwa na kuzikwa tena mara nyingi, na wanaoipenda ni wanafalsafa zaidi kuliko waumini wa kawaida. Naitaja kwa sababu ya Gaunilo: Mkristo, mtawa, aliyeona hoja ya kumtetea Mungu ina kasoro akasema hivyo hadharani, wala hakuna aliyemwita kafiri.

Hoja ya maadili naipitia haraka. Watu huisikia vibaya, wakadhani inasema wakana Mungu hawana tabia njema. Haisemi hivyo, na mtaani sote tunawajua watu wasioswali wala kusali ambao ni waaminifu kuliko sisi. Inachouliza ni: ikiwa kumuua asiye na hatia ni kosa kweli kweli, hata kama dunia nzima ingeridhia, ukweli huo umesimama juu ya nini? Swali zuri. Tatizo lake liko tangu enzi za Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: jema ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa kuwa ni jema? Wamutazila, mkondo mwingine wa wanatauhidi wa Kiislamu, wa Basra na Baghdad, walisema akili inaweza kulijua jema yenyewe. Ma-Ash'ari wakasema jema ni lile aliloliamuru Mwenyezi Mungu. Wote walikuwa Waislamu, wote wakinukuu Kurani.

Na kuna lile la "bora uamini, ukikuta hayupo hujapoteza kitu." Hilo asili yake ni Blaise Pascal wa Ufaransa, maandishi yake yakichapishwa mwaka 1670, na halimo kabisa katika hoja za uwepo wa Mungu. Linahusu faida ya kuamini. Halisemi umwamini Mungu wa nani kati ya dini zinazopingana, na sidhani kuna muumini angependa imani ya mwanawe iwe ya kujikinga na hasara.

Hanang na Shakahola

Sasa hoja ya upande wa pili. Mimi ni muumini, na sijawahi kuiona kuwa nyepesi.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang, Tanzania, iliyolowana na mvua ilimeguka, tope na mawe vikateremka hadi Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa, watoto wakiwemo. Hakuna aliyeamua kuwaua. Mwaka huo huo, kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kufundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Wanafalsafa wanatenganisha mabaya ya aina hizi mbili: yatokanayo na maumbile, na yatokanayo na binadamu. Ni lazima yatenganishwe, kwa kuwa jibu linalofaa moja mara nyingi halifai jingine.

Mwaka 1955 J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, aliiweka hoja kwa ukali. Mungu anaweza yote. Mungu ni mwema kabisa. Maovu yapo. Mwema huyaondoa maovu kadiri awezavyo, na muweza wa yote hana mpaka. Basi kauli hizo tatu haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Alvin Plantinga, Mmarekani, alimjibu katika miaka ya 1970 kwa hoja ya hiari: huenda ulimwengu wenye viumbe huru ni bora kuliko wenye mashine, na kiumbe huru hawezi kulazimishwa kutenda mema tu huku akibaki huru. Hata muweza wa yote hafanyi muhali. Plantinga hakuhitaji kuonyesha kwamba ndivyo ilivyo, alihitaji kuonyesha tu kwamba inawezekana, na hilo linatosha kuondoa mgongano wa kimantiki. Wanafalsafa wengi, hata wasioamini, wanakubali alifaulu kwa kiasi kikubwa.

Lakini tazama jibu hilo linafika wapi. Linasema kitu kuhusu Shakahola. Kuhusu Hanang linasema kidogo sana. Mlima hauna hiari.

Ndiyo maana hoja ya William Rowe ya mwaka 1979 inauma zaidi. Yeye hasemi Mungu hawezekani. Anatupa picha ya mtoto wa swala aliyeunguzwa na moto wa msituni uliowashwa na radi, anayelala siku kadhaa kwa maumivu kabla ya kufa, bila mtu yeyote kujua. Hakuna anayejifunza chochote. Hakuna hiari ya mtu iliyoheshimiwa. Rowe anasema mateso kama hayo, kwa mamilioni yake, yanatupa sababu nzuri ya kuona kwamba hayupo wa kuyazuia. Darwin alikuwa na wazo linalokaribia hilo: katika barua ya mwaka 1860 aliandika kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwenye huruma aliumba kwa makusudi nyigu ambao funza wao huwala viwavi wakiwa hai.

Watetezi wana majibu mawili yanayostahili heshima. La kwanza, la John Hick mwaka 1966, ni kwamba ulimwengu huu ni mahali pa kukuzia roho: ushujaa, huruma na subira havizaliwi pasipo hatari. Linasaidia kwa mateso ya kiasi; kwa mtoto wa miaka miwili aliyezikwa na tope linanishinda kulitamka. La pili ni la kitabu cha Ayubu: sisi ni nani hata tujue sababu zote za Mungu? Kutoiona sababu si dalili kwamba haipo. Jibu hili ni gumu kulivunja, ila lina bei. Ukisema hatuwezi kabisa kupima makusudi ya Mungu, basi nawe huwezi kusimama kesho ukasema mvua nzuri au kupona kwa mgonjwa kunaonyesha wema wake. Wengi wanalitumia msibani na kulisahau kwenye shukrani.

Lipo jibu la tatu, la kusema waliokufa walikuwa na dhambi. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko liliipiga Lisbon, mji wa Wakatoliki, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa, na maelfu kwa maelfu wakafa. Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, aliwageukia kwa hasira waliosema hiyo ni adhabu, na pia waliosema, kwa kumfuata mwanafalsafa Mjerumani Leibniz, kwamba huu ndio ulimwengu bora kuliko yote inayowezekana. Jibu la dhambi ni la kikatili, na katika kitabu cha Ayubu chenyewe marafiki waliolitoa ndio waliokemewa.

Hoja nyingine ya upande huu haijulikani sana kwetu. J. L. Schellenberg wa Kanada aliitoa mwaka 1993: Mungu mwenye upendo asingemwacha mtu anayemtafuta kwa moyo safi akose kumjua, lakini watu kama hao wapo. Jibu la haraka ni kwamba hao hawatafuti kwa dhati, jibu ambalo mtu hulitoa kwa urahisi mpaka awe ni mwanawe mwenyewe. Na kwetu Afrika hoja hii ina sura yake: vipi kuhusu mababu walioishi na kufa kabla ya padri au shehe kufika kijijini?

Mkenya John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanazuoni, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye swali linalokaribia hilo. Katika vitabu vyake vya 1969 na 1970 alikusanya majina, dua na methali za mamia ya jamii za Afrika, akahitimisha kwamba mababu walimjua Mungu, mmoja, muumba, mjuzi na muweza, kabla ya mmisionari yeyote. Ikiwa hivyo, hawakufichwa. Lakini mshairi Okot p'Bitek wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1931 kama Mbiti, alimpinga waziwazi. Alisema Mbiti na wenzake wamewavika miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki: ule ujuzi wa yote na uwezo wa yote ni mavazi ya Athene, hayakutoka Gulu, mji wa Waacholi, kabila lake Okot. Na kama Okot yuko sahihi, basi tatizo la mateso, ambalo nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine yote humu, haliwagusi wazee wa Kiacholi, kwa sababu wao hawakuwahi kudai kwamba yupo aliye mwema kabisa na anayeweza kila kitu.